Huduma ya serikali ya kuchunguza ajali za matatu: nyota mbili, na moja ni ya koplo

Watu huandika maoni kuhusu samaki wa Dunga, kuhusu vyumba vya kulala vya Milimani, kuhusu mafundi wa simu. Mimi leo naandika kuhusu huduma ambayo hakuna anayeitafuta kwa hiari: ile unayopewa na serikali baada ya gari la abiria kuanguka na watu kufa. Mdogo wangu alikuwa kondakta wa nissan ya abiria 14 iliyotoka barabarani ikishuka kutoka Vihiga kuja Kisumu, giza likianza kuingia. Alitolewa na mguu uliovunjika mahali pawili. Dereva alifia pale pale, pamoja na abiria kadhaa.

Kituo cha polisi sitakitaja, wala SACCO (chama cha wenye matatu), wala hospitali. Ukienda kituo cha pili barabara hiyo hiyo utakuta mambo ni yale yale, kwa hiyo kumchomea mtu mmoja picha hakutasaidia.

Niseme pia kazi yangu, mjue ninatazama kwa jicho gani. Nauza spea karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Boljointi, tairodi, bushi, breki pedi, fanibelti. Matatu za Busia, Siaya, Ahero na Kakamega ndizo zinazonilisha. Najua nani hununua ya Japani na nani huinamia kaunta kwa sauti ya chini: "Mama, nipe ile ya bei."

Nianze na lililonifurahisha. Waliowatoa watu ndani ya gari ni wanabodaboda na wanakijiji, hilo kila mtu wa huku analijua, lakini polisi nao hawakukawia. Koplo wa trafiki aliyeshika kesi alinipa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, usiku huo huo bila kunizungusha. Akanieleza fomu ya P3 ya mdogo wangu, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, itajazwa wapi. Nikimpigia simu, anashika. "Pole sana mama, kuja asubuhi nikuonyeshe," alisema, na asubuhi nikamkuta kweli. Alikuwa amechora ramani ya mahali pa ajali: barabara, mtaro, gari lilipolala, mshale wa lilikotoka. Vipimo alivichukua kwa tepu, si kwa hatua za miguu. Abstrakti, yaani muhtasari wa polisi kuhusu ajali, ilipotoka, jina la bima, nambari ya cheti na nambari ya gari vyote vilikuwa sawa. Wakili alisema hilo si jambo dogo, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa kampuni ya bima inapata pa kuchomokea. Kwa hiyo nyota moja ni ya koplo huyo, na ya pili ni ya abstrakti.

Baada ya hapo huduma inaisha. Haipungui kidogo kidogo, inaisha tu.

Mabaki ya gari yalivutwa na bredauni hadi uwanja wa nyuma wa kituo, yakaachwa kati ya pikipiki zilizokamatwa na lori la mchanga. Hayakufunikwa. Hayakuzungushiwa hata kamba. Nilipoenda kuchukua begi la mdogo wangu, betri ilikuwa imeshatoka. Nilipoenda tena, magurudumu mawili ya nyuma hayapo, redio haipo. Sikuwa nimekwenda kutafuta ushahidi, lakini mwuza spea hapiti karibu na ekseli ya mbele iliyo wazi bila kuinama.

Tairodi endi ya upande wa kushoto ilikuwa imekatika. Kwa wasioijua: ni kile kiungo kifupi kinachopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu. Kikikatika, dereva anazungusha usukani na gurudumu moja linabaki na mambo yake. Nilipangusa vumbi kwa kidole. Pale chuma kilipokatika palikuwa na rangi mbili. Zaidi ya nusu ilikuwa nyeusi yenye kutu, na ndani yake mistari ya duara iliyopangana kama pete za kisiki cha mti. Ukingo mwembamba uliobaki ulikuwa mweupe, wa kukwaruza, unang'aa. Mtu yeyote aliyerudishiwa spea mbovu kwenye kaunta anajua kusoma hapo. Sehemu ya kutu ni ufa wa zamani, uliokuwa ukitembea polepole huku gari likibeba watu. Sehemu inayong'aa ndiyo iliyokatika siku hiyo.

Nilipiga picha, nikamwita koplo. Akachungulia, akasema, "Hiyo ni kazi ya mkaguzi, mama." Mkaguzi wa magari alikuwa ameshakuja na kuondoka.

Ripoti yake niliiona baadaye kupitia wakili. Ni ukurasa mmoja. Nambari ya gari, aina, rangi. Boneti imebonyea, kioo cha mbele kimevunjika, paa limeshuka, milango ya kushoto imeharibika. Usukani: umeharibiwa na ajali. Breki: zimeharibiwa na ajali. Na chini, kwenye nafasi ya kasoro zilizokuwepo kabla ya ajali, neno moja: hakuna.

Sisemi tairodi ndiyo iliyoua. Chuma chenye ufa kinaweza kuvumilia barabara yote kikaja kukatika kwa kishindo cha kuanguka kwenyewe. Kati ya hayo mawili kuna tofauti kubwa, na mimi na simu yangu hatuwezi kuitenganisha. Anayeweza ni mtaalamu wa vyuma na hadubini, mwenye kile kipande mezani, na alama za matairi barabarani zikiwa zimepigwa picha kabla ya mvua. Kipande hicho sasa sijui kiko kwenye mzani wa skrapu wa nani.

Nikauliza la pili. Kila matatu inatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo, wenyewe tunaita gavana, kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Gavana za sasa zinatakiwa pia kurekodi mwendo na kuutuma kwa mamlaka. "Afande, gavana imesomwa?" Akanitazama kwa huruma. "Mama, gari limeisha. Gavana gani tena?" Lakini kile kisanduku kilikuwa chini ya dashibodi, nilikiona kikining'inia kwa waya. Safari iliyofuata nilikuta waya peke yake.

La tatu hata sikuuliza polisi, liliniangukia dukani. Mjane wa dereva alikuja. Tulikuwa hatujuani. Alikaa kwenye kreti ya soda, akanishukuru kwa kumtumia picha kupitia mdogo wangu, kisha akasema, "Dada, kule kwetu wananiambia mume wangu aliua watu. Nikaenda kuuliza uchunguzi umefika wapi. Wakaniambia faili imefungwa. Nikauliza, imefungwa kwa sababu mmepata nini? Wakasema, kwa sababu dereva ameshakufa."

Akaniambia mumewe alitoka nyumbani saa kumi alfajiri. Ajali ilitokea jioni giza likiingia. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa nane katika saa 24. Kati ya alfajiri na jioni ile kuna hesabu ya tajiri ya kutimiza, yaani pesa za siku za mwenye gari, na ukitaka kupumzika unampa skwodi, dereva wa kukushikia, gari akugawie mia mbili tatu. Je, siku hiyo alikuwa na skwodi? Aliendesha saa ngapi? Mdogo wangu angejibu, alikuwa mlangoni siku nzima. Mpaka naandika hapa hajaulizwa. Aliandikisha taarifa ya kurasa mbili kuhusu alipokuwa amekaa na nani alipiga kelele.

Hapo ndipo nilipoelewa huduma hii inauza nini. Polisi wanachunguza ajali kama wanavyochunguza wizi wa ng'ombe: wanatafuta mtu wa kufikisha kortini. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki kinahusu kusababisha kifo kwa kuendesha vibaya, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Faili yote imepangwa kuelekea kifungu hicho. Ramani, taarifa, ripoti ya mkaguzi, vyote vinauliza kama kuna wa kushtakiwa. Wa kushtakiwa akiwa mochari, karatasi hazina kazi. Swali la kwa nini gari lilitoka barabarani halina mwenyewe. Si kwamba mtu amelikataa. Hakuna dawati lake.

Mtaniambia kuna NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Ndiyo, ipo, kwa sheria ya mwaka 2012, na miongoni mwa kazi zake ni kukusanya ripoti za ukaguzi zinazohusu ajali. Lakini hiyo hiyo ndiyo inayosajili magari, inayoyakagua na kuyapa stika, inayotoa leseni za barabara kwa SACCO na kuwapima madereva. Gari lililopasishwa likianguka, swali la kwanza la mchunguzi wa kweli ni: lilipasishwaje? Sasa ajiulize nani? Siwalaumu wafanyakazi wake. Ningekuwa mimi ningeona vigumu vilevile kuandika kwamba tairodi niliyoiuza mwenyewe ilikuwa feki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba serikali hii hii inajua kufanya kazi hiyo. Ndege zinapita juu ya duka langu zikienda kutua Kisumu. Ikianguka moja, kuna idara ya uchunguzi wa ajali za ndege, na utaratibu wa kimataifa unaoitwa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago: ripoti ya awali ndani ya siku 30, ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12. Umeandikwa wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Hata rubani akifa, uchunguzi unaendelea. Hapo ndipo unaanza hasa. Kila bolti inaokotwa na kupewa nambari. Huku barabarani, ambako wanakufa zaidi ya watu 4,000 kila mwaka nchini Kenya, betri inaibwa ndani ya uwanja wa polisi.

Na sisi wa Magharibi na Nyanza hatujakosa mifano. Agosti 29, 2013, basi lililokuwa likienda Homa Bay lilipinduka usiku Ntulele, Narok, wakafa watu 41. Paa lilibanduka. Pakawa na kelele kuhusu ubora wa mabodi ya mabasi, kiwango cha KS 372 kikaanza kutajwa kila mahali, mafundi wa bodi wakaambiwa wafuate la sivyo. Oktoba 10, 2018, basi lililokuwa likienda Kakamega likaanguka Fort Ternan kabla ya mapambazuko, wakafa zaidi ya 50. Paa likabanduka tena. Mtu wa kawaida angetarajia hapo kitabu kizima: bodi ile ilitengenezwa mwaka gani, kwa chuma cha unene gani, imechomelewa vipi, ilipasishwa na nani baada ya 2013, na je, kiwango chenyewe kinatosha kwa mteremko kama ule. Tulichokisikia kwa sauti kubwa ni kwamba basi halikuwa na leseni ya kusafiri usiku. Sawa. Lakini leseni ya usiku haishikilii paa.

Katikati ya hizo mbili kuna Migaa, ile sehemu ya Salgaa inayojulikana na kila mtu aliyewahi kupanda basi la Nairobi. Desemba 31, 2017, basi kutoka Busia na lori viligongana uso kwa uso, wakafa 36. Kabla majeruhi hawajatoka hospitali za Nakuru, safari za usiku zikapigwa marufuku nchi nzima. Siku chache baadaye rais akaamuru maofisa wa NTSA watoke barabarani, wawaachie polisi wa trafiki. Marufuku haikudumu. Ukuta wa zege wa kutenganisha magari pale Salgaa ndio uliosimama, nami nausifu, kwa sababu ndilo jambo lililotokana na kutazama barabara yenyewe: mteremko mrefu, malori yanayoshuka na gia ya free kuokoa mafuta, breki zinazochemka. Halafu Juni 30, 2023, lori lililotoka upande wa Kericho likafagia wachuuzi, bodaboda na matatu pale njia panda ya Londiani, zaidi ya 50 wakafa. Wachuuzi wakaamriwa waondoke kando ya barabara. Agosti 8, 2025 ikawa hapa kwetu Mamboleo, mzunguko wa Coptic, basi la shule lililobeba waombolezaji wakitoka mazishini. Zaidi ya 20 wakafa. Kila mara kiongozi anashuka kwenye gari, anatoa rambirambi, anasema uchunguzi umeanzishwa. Mimi nauliza kama mteja: kaunta ya kuchukulia majibu iko wapi?

Mdogo wangu, aliyekuwa kitandani na simu, ndiye aliyenitafutia ya nje. Marekani wana bodi ya uchunguzi, NTSB, tangu 1967, inayochunguza ndege, treni, meli na baadhi ya ajali kubwa za barabarani. Haishtaki mtu, haitoi leseni, haina uwezo wa kumlazimisha yeyote. Inachunguza, inachapisha, inapendekeza. Mwaka 1988 basi la kanisa liligongwa na mlevi huko Kentucky, wakafa watu 27. Kwa faili ya kwetu, hiyo ni kesi iliyokwisha siku ya kwanza: mlevi amepatikana, yu hai, mpeleke kortini. Alipelekwa. Lakini wachunguzi hawakuishia kwake, wakauliza pia mbona watu hawakutoka ndani. Tangi la mafuta lilitobolewa, moto ukafunga mlango wa mbele, na basi lilikuwa limetengenezwa siku chache tu kabla ya kanuni mpya za usalama za Aprili 1977. Majibu hayo usingeyapata kwa kumhoji mlevi.

Wala si kila nchi tajiri imejipanga. Kanada, bodi yao ya usalama inashughulikia ndege, meli, reli na mabomba ya mafuta. Barabara haimo. Mwaka 2013 basi la ghorofa liligonga treni mjini Ottawa, wakafa sita, na bodi ikaja kwa sababu kulikuwa na treni. Ndipo ikapendekeza uimara wa mabasi na vifaa vya kurekodi mwendo ndani yake. Mdogo wangu akacheka kwa uchungu: "Kwa hivyo tungegonga treni tungesikizwa."

Ninachotaka kwenye huduma hii si kikubwa. Ajali ya gari la abiria ikiua watu kadhaa, polisi waendelee na kesi yao, na wakati huo huo timu nyingine isiyotoa leseni wala stika ichukue mabaki, iyafungie, isome gavana, ihesabu saa za dereva, itazame barabara, ihoji waliopona. Ichapishe. Taarifa zake zisitumike kumfunga mtu, maana mwenye gari akijua kila neno litamrudia kortini hatasema tairodi aliinunua wapi. Na sisi wauza spea tuitwe. Nina majina ya mizigo ambayo ningependa sana kuulizwa.

Kwa walio kwenye foleni ya huduma hii sasa hivi, haya ndiyo yamenisaidia. Ajali iripotiwe polisi ndani ya saa 24 na usiondoke bila nambari ya OB. Piga picha stika ya bima kwenye kioo kabla bredauni haijaondoka, maana vioo huokotwa. Tafuta rekodi ya gari mtandaoni kupitia eCitizen ujue mmiliki wa karatasi ni nani, kwa sababu jina la SACCO lililo mlangoni si jina la tajiri. Bima ya watu wa tatu ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, wakili asikupe ndoto. Kesi ya fidia ina miaka mitatu; usiache ipite ukisubiri faili ya polisi, inaweza kuwa ilifungwa zamani. Mwambie wakili aombe ripoti ya mkaguzi mapema, na ukiona kasoro za kabla ya ajali ni "hakuna" huku una picha inayosema mengine, mwambie aandike barua kwa kituo mabaki yasiuzwe.

Mabaki ya gari letu yalishachukuliwa na mwenyewe. Picha ninazo. Mjane wa dereva ana nakala, na amezichapisha dukani kwa rangi, kubwa kubwa, rangi mbili za chuma zinaonekana vizuri. Anasema kwenye mkutano wa familia ujao atazipitisha mkono kwa mkono.